Skrubu Zenye Vichwa Tu

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya paneli ya sakafu, bisibisi mkononi, nimefungua skrubu moja iliyolegea. Kilichotoka kilikuwa kichwa na kijimkia kifupi kama ukucha. Nikafungua ya pili, ya tatu. Zote vichwa tu. Ptuu!

Karakana ni ya mume wangu na mdogo wake, na mimi ndiye ninayesimamia gundi. Paneli zetu ni mbao zilizogundishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama juu ya lenzake. Hizi zilikuwa za ghorofa ya juu ya shule ya chekechea. Tulipozijaribu zilinesanesa, tukakubaliana kuziimarisha kwa skrubu ndefu, zipigwe kwa mshazari, zishone matabaka yote mpaka chini. Kazi hiyo alipewa shemeji.

"Shemeji, hivi ni vitu gani?"

Akaja anachokoa meno, hana habari. "Aa, shemeji, zile ndefu zilikuwa zinakwama njiani, zinanichosha mikono. Nikazikata kwa grenda. Kwa juu si zinaonekana vilevile? Nani atafumua sakafu kuangalia?"

"Watoto watarukaruka hapo! Ikikatika je?"

"Punguza presha. Lori liko njiani."

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, macho chini, nikajua kwamba alijua. Mtu ninayelala naye kitanda kimoja! "Mke wangu," akasema, "haya tuyamalize ndani kwa ndani." Kinyaa kilinishika mpaka nikasogea mbali naye, nisije nikaguswa na shati lake.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi mlangoni, ametuletea chai. Naye akadakia, "Mwanangu hajawahi kuharibu kazi hata siku moja. Wewe mwanamke una gubu tu."

Nje lori likapiga honi. Haya, basi. Kama kuongea hakusaidii, mdomo naufunga. Nikawasha msumeno wa umeme, nikaipasua ile paneli katikati, kando ya mstari wa skrubu. Ilipomalizika nikahamia ya pili. Shemeji alipiga mayowe kwamba nimerukwa na akili, kwamba nawaua njaa, lakini hakuthubutu kusogea. Shujaa wa kukata skrubu, msumeno ukinguruma anajificha nyuma ya kaka yake! Sikuacha mpaka ya mwisho. Dereva alichungulia, akaona vipande, akaondoka na lori tupu.

Nilipozima msumeno, mama mkwe alinyanyuka. Akavaa miwani, akainama kwenye ubavu uliokatwa, akapitisha kidole taratibu. Kila skrubu ilikuwa imeshika ubao wa juu peke yake. Huko chini hamna kitu. Nilingoja anitukane.

Hakunitukana. Aliwageukia wanawe, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na sakafu mliyoniwekea mimi kule juu, chumbani kwangu?"

Mume wangu akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mdogo wake akakohoa, akakuna shingo, akatabasamu kidogo.

"Mama," akasema, "wewe mbona mwepesi."