Kineno Baada ya "Fond"

Fundi saa hakuwa na nywele, hakuwa na mke, hakuwa na meno ya mbele, na hakuwa na neno "sijui". Nywele zilimtoka, mke alifariki, meno yaling'olewa. Neno hilo hakuwahi kuwa nalo. Mtaa mzima ulimwita Profesa, naye alidhani ni heshima.

Jirani yake, mjane aliyestaafu kazi ya kupiga chapa, alikuwa anahamia kwa binti yake mwisho wa wiki. Profesa alimposa juu ya ukuta wa ua, yeye akiwa upande huu. Mama yule alimjibu huku anakunja mapazia.

"Mzee mwenzangu, nimeshaishi na mume mmoja anayejua kila kitu. Siku ukikosa kujua kitu kimoja tu, nijulishe. Nitafungua mizigo hii."

Mtu mwingine angeelewa. Profesa alielewa kwamba anatakiwa kuandika barua ya Kiingereza.

Alianza vizuri. "I am very fond", yaani moyo wangu umekuelekea, halafu kalamu ikagoma. Kiingereza hakiruhusu sifa kama hiyo itembee peke yake. Lazima isindikizwe na kineno, na vineno hivyo havina adabu wala utaratibu. Of? With? To? Kamusi yake ililiwa na mchwa kuanzia E hadi H, kwa uonevu mtupu.

Kinyozi alishauri "with", kwa kuwa mapenzi ni ya watu wawili. Shemeji wa Profesa akasema "to", kwa kuwa barua inakwenda. Profesa aliwakosoa wote kwa sauti kubwa bila kutoa jibu. Sisi tuliosoma shule ya usiku tunaijua mbinu hiyo.

Ijumaa gari la mizigo likasimama mlangoni kwa mama. Kitanda kikatoka, ikafuata mashine ya chapa. Kwa mashine hiyo mama alikuwa amesahihisha Kiingereza cha mabosi maisha yake yote, bila kupata asante. Profesa aliitazama ikipakiwa, kisha akarudi mezani na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino jingine.

Baada ya "fond" aliacha nafasi. Chini yake akaandika kwa Kiswahili: "Hapa sijui. Njoo unijazie."

Akalamba bahasha, akaigandamiza kwa kiganja, akampa mpakiaji aliyebeba kiti cha mwisho.

"Mpe mama. Asome kabla hujafunga mlango wa gari."