Ndege wa Gauni la Kumi na Moja

Tangu magoti yamzuie kushika jembe, bibi yangu Nimpaye, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, amekuwa akiishonea sare kwaya ya kigango chetu cha Kibimba. Husema kwamba miguu yake ikishinda bure humuuma, lakini ikikanyaga cherehani hutulia. Nilipofika likizo kutoka chuoni, nilimkuta na vitenge kumi na viwili, vyote vyenye ndege wanaoruka kwenda juu.

Siku hiyohiyo alikuja Joyness, mwenyekiti wa kwaya.

"Shikamoo, Bibi. Gauni moja kati ya haya likiharibika, sare za Krismasi tunazipeleka kwa fundi wa Nyakanazi. Yule macho yake bado mapya."

"Marahaba. Basi mwambie aje anitungie uzi."

Alhamisi lilikamilika gauni la kumi na moja, la Joyness mwenyewe. Nilipolitundika ukutani, niliona kwamba mbele ndege waliruka, lakini nyuma walikuwa kichwa chini. Kosa halikuwa la macho. Miaka aliyoishi katika kambi ya wakimbizi, kitambaa kilipokuwa adimu, Bibi alijizoeza kugeuza kipande cha nyuma wakati wa kukata, ili mabaki yatoshe sketi ya mtoto. Mkono ulikuwa umefuata mazoea.

"Bibi, twende tukamweleze ukweli leo," nilisema.

"Nitamweleza nikiwa nimelivaa."

Kilikuwa kimebaki kitenge kimoja, chake yeye, kwa kuwa naye huimba sauti ya pili. Alikikata kwa vipimo vya Joyness, nami akaniamuru nisimame upande wa vichwa vya ndege na nisibanduke hapo. Kisha alifumua ubavu wa lile lililoharibika, akalipunguza hadi likamtosha. Hakulalamika, isipokuwa juu ya mkaa wa pasi.

Jumamosi wanakwaya walijaribu sare zao, na zote ziliwakaa vizuri. Ndipo Bibi aliposimama na kuwageuzia mgongo.

"Joyness, hili lilikuwa lako. Nilikosea kukata. Hilo ulilovaa limetoka kwenye kitenge changu."

Ildefonsa, rafiki yake wa sauti ya pili, alishindwa kujizuia.

"Nimpaye, ndege wako wanaanguka!"

"Hawaanguki, wanatua. Wana umri wangu."

Wote walicheka, ila Joyness. Alilivua gauni lake jipya, akalipindua na kukagua mishono ya ndani, mmoja baada ya mwingine, mpaka kicheko kikaisha. Kisha alifungua mfuko wake, akatoa kitambaa cha sare za Krismasi.

"Hiki ni cha maua, Bibi. Hakina juu wala chini."

Bibi alivaa miwani, akakitandaza mezani, akaanza kuchunguza mashina ya maua yanaelekea wapi.