Picha Iliyonenepa Njiani

Kimbelembele hakupewa jina hilo bure. Pale hospitalini kila mtu alijua kwamba chakula kikiwa bado jikoni, yeye keshanawa mikono. Ndiye aliyetengeneza mfumo wa tovuti wa hospitali, na wiki iliyopita aliuongezea vitufe viwili. Cha kwanza, Tafuta, kiliulizia mtandaoni anwani ya kompyuta ya hospitali kubwa, kule aliko bingwa wa ubongo. Cha pili, Tuma, kilipeleka faili huko. Zamani picha za kichwa zilitiwa kwenye sidii na kubebwa na dereva, safari ya saa nne nzima. Sasa dereva kapangiwa kazi nyingine, na aliyeomba apangiwe ni Kimbelembele mwenyewe.

Mpiga picha wa mionzi alikuwa mke wa kaka yake. Ijumaa alimuuliza, "Shemeji, umejaribu kutuma picha, au unatuma barua zako za likizo tu?"

"Faili ni faili, shemeji," akajibu, akacheka. "Wewe piga picha, mengine niachie."

Haya. Jumatatu asubuhi akaletwa mwashi aliyeanguka kutoka jukwaa la ghorofa ya pili. Alifika akiongea, akimuulizia mkewe, kisha maneno yakapungua, kisha akaacha kuitika. Shemeji akampiga picha ya kichwa. Saa nne kamili akabonyeza Tafuta, akabonyeza Tuma, na kwenye kioo likatokea neno la kijani: Imefika. Ilikuwa picha ya kwanza kabisa kupita njia ile.

Simu ya bingwa ikaja baada ya dakika tano.

"Faili ninalo," alisema. "Halifunguki."

Shemeji akapiga picha ya kioo kwa simu yake, akamtumia. "Mama, hapa naona mng'ao wa taa na kidole chako," bingwa akasema. "Nataka faili lenyewe, vipande vyote vya kichwa."

Daktari wa upasuaji alikuwa amesimama mlangoni, mikono keshaiosha. "Mimi tumbo nalijua, mfupa naujua," alisema. "Kwenye ubongo hata picha siisomi, naomba nishikwe mkono. Lakini ikifika saa tano kasorobo sijapata jibu, nafungua kulia, huko alikovimba. Siwezi kumtazama mtu anakufa hivi hivi." Akaondoka kwenda kuvaa.

Kimbelembele akavuta kiti. Akatuma tena. Imefika. Halifunguki. Akatuma mara ya tatu, kana kwamba mlango uliofungwa hufunguka ukigongwa kwa hasira. Halafu, ingawa bingwa alishasema faili analo, akashuku anwani. Huenda Tafuta ilileta anwani ya zamani, picha ikaenda kwa jirani. Akaulizia upya, akalinganisha namba moja moja, akampigia mtu wa kompyuta wa kule, wakasomeana. Anwani ilikuwa sawasawa. Dakika kumi na mbili zikawa zimekwenda na maji, na jasho lilimtoka mpaka kwenye magoti.

Mtu hushangaza jinsi anavyotafuta kosa kila mahali ila pale alipokaa yeye. Kimbelembele alilaumu waya, akalaumu mtandao, akaanza kuilaumu kompyuta ya wenzake. Muuguzi akapita na wembe na kalamu ya kuchorea ngozi. Alikuwa akienda kumnyoa mwashi upande wa kulia.

"Shemeji," mpiga picha akasema, taratibu kama anayesema na mgonjwa, "faili letu lina ukubwa gani?"

Akamsomea.

"Na lililofika kule?"

Mtu wa kompyuta alikuwa bado kwenye simu. Akasoma lake. Lilikuwa kubwa zaidi.

"Mimi nilisikia vitu hupungua safarini," shemeji akasema. "Hili limenenepa."

Hapo Kimbelembele akaelewa. Njia ile ya kutuma faili ina namna mbili: namna ya maandishi, na namna ya vitu vingine vyote. Ukituma kama maandishi, kompyuta hurekebisha mwisho wa kila mstari ili usomeke vizuri upande wa pili. Kwa barua ni hisani kubwa. Picha haina mistari. Ina namba tupu, na kila namba iliyofanana na mwisho wa mstari ilikuwa imeongezewa mwenzake. Yeye aliiacha namna ya maandishi kwa sababu barua zake za likizo zilifika vizuri.

Kwenye mfumo wake akafuta neno moja, akaandika jingine. Akakosea, akarudia. Akabonyeza Tuma. Mstari wa kuonyesha safari ukaanza kusogea, robo, nusu, ukasimama. Ukasogea tena. Saa ya ukutani ilisoma saa nne na dakika thelathini na tisa.

"Ukubwa umelingana," mtu wa kompyuta akasema.

Kisha sauti ya bingwa, karibu na simu: "Limefunguka. Ngojeni." Wakangoja. "Damu iko kushoto, nyuma. Kulia ni uvimbe wa ngozi tu. Nani anafungua? Mwambieni kushoto."

Kimbelembele alikimbia na simu mkononi. Pale mezani kichwa cha mwashi kilikuwa kimenyolewa kulia, alama imechorwa, na kisu kimeshatolewa kwenye trei. Daktari akasikiliza bila kuinua macho. "Geuzeni kichwa," akasema. "Nyoeni upya." Mlango ukafungwa.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa mwanamke mwenye viatu vya mume wake mapajani, vimekaukiwa na saruji. Alipomwona Kimbelembele akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimeambiwa wewe ndiye uliyepeleka picha," akasema. "Mungu akuzidishie, kaka yangu."

Angeweza kuitika amina akaenda zake. Pale hospitalini aliyeujua ukweli alikuwa shemeji tu, na shemeji hana mdomo. Lakini shukrani zile zikamchoma.

"Dada, mimi ndiye niliyeichelewesha," akasema. "Ilitoka hapa saa nne kamili, ikafika imeharibika. Nilikuwa sijaijaribu."

Mwanamke akamwachia mkono.

"Dakika ngapi?"

"Arobaini na moja."

Akakaa, akavisogeza viatu, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Kaa," akasema. "Huendi popote mpaka mlango ule ufunguliwe."

Kimbelembele akakaa.