Mbegu za Siku Ishirini

Kwa miaka kumi na mmoja Émerance Kasonde alikuwa mfanyakazi wa shamba la majaribio la chuo kikuu, Lubumbashi, na kwa karanga hakuna aliyemfikia. Alijua ua lake hufunguka alfajiri na kunyauka upesi, kisha kikonyo hujiinamia na kuchoma udongo, mbegu ikakulia gizani. Msimu ule, mwanzoni mwa 1991, alifunga uzi kwenye kila ua na kuandika tarehe. Akafukua maganda siku ya ishirini, ya thelathini, ya arobaini na tano na ya sitini. Mbegu alizisaga, unga akautia katika vichupa vinne vyenye lebo, akaviweka kwenye friza.

Kazi yote hiyo ilikuwa ya Martine.

Walikuwa wamekulia nyumba jirani, mtaa wa Hewa Bora. Darasani Émerance alikuwa wa kwanza, Martine wa pili. Kisha baba yake Émerance akafariki naye akaacha masomo. Martine akapata ufadhili wa kwenda kusoma Ubelgiji. Alirudi na diploma, koti jeupe, na seramu iliyotolewa katika damu ya watu ambao punje moja tu ya karanga huwavimbisha koo. Wafanyakazi walicheka: muntu gani anakufa juu ya karanga? Martine hakucheka. Alitaka kujua protini zinazowadhuru watu hao huanza kutengenezwa lini, mbegu ikiwa changa au ikikaribia kukomaa. Palipo na protini hizo, seramu ingeacha mstari mweusi kwenye karatasi.

Siku moja walikuja wageni. Profesa Désiré, mkuu wa maabara, alimshika Martine bega. "Huyu njo mutoto yetu," aliwaambia. "Kazi yake itafika mbali." Kisha akageuka. "Mama Émerance, uko na chai?"

Émerance alikuwa bado na udongo kwenye kucha. Alileta chai. Alipomaliza kumimina alikwenda kwenye friza, akabandua lebo ya siku ishirini na ya siku sitini, akazibandika kwa kubadilishana. Haikumchukua hata dakika moja.

Majibu yakatoka kama wazimu. Mbegu za siku ishirini zilikuwa na mistari mizito, za thelathini hazikuwa na kitu, za arobaini na tano zilikuwa nayo, za sitini hazikuwa na kitu tena. Martine alirudia mara tatu. Profesa akatupa karatasi mezani, akasema seramu imeoza njiani, na pengine aliyeileta hajui kuitunza. Martine akaingia stoo kulia. Émerance alimpelekea maji, na alipokuwa anamtazama akinywa alisikia utamu moyoni. Wiki ya pili utamu ule ulikuwa umechacha, lakini lebo aliziacha vilevile.

Mwezi wa kumi askari waliingia mjini wakavunja maduka, na watu wakafuata. Walifika hadi maabara. Waliondoka na friza, darubini, hata sinki. Vichupa vya unga na vya seramu vilikutwa vimepondwa sakafuni.

Siku nne baadaye, mchana, Martine alibisha hodi kwa Émerance, komini ya Kenya, humohumo Lubumbashi. Alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Yaya," alisema, akimwita dada mkubwa kama zamani, "naenda na bwana yangu. Tunapita Kipushi, tunaingia Zambia." Aliweka mfuko mezani. "Karatasi zote ziko humu, na kaye yangu ya kuandikia. Chukua. Weye ulijua karanga mbele yangu. Kazi iko yako sasa."

Kitu alichokuwa amekionea wivu mwaka mzima kilikuwa mbele yake, juu ya kitambaa chake mwenyewe. Émerance hakuweza kukigusa.

"Seramu haikuoza," alisema.

"Unasema nini?"

"Nilibadirisha lebo. Ya ishirini na ya sitini."

Martine akafungua mfuko. Akazitoa karatasi, akazipanga upya: ishirini, hakuna; thelathini, hakuna; arobaini na tano, ipo; sitini, ipo nzito kabisa. Akacheka kwa sauti, na kwa muda mfupi uso wake ukawa wa yule msichana wa Hewa Bora.

"Zinakuya nyuma! Mbegu ikianza kukomaa!" Kicheko kikakatika. "Lakini nani atakubali? Unga iko wapi? Seramu iko wapi?" Akamtazama. "Juu ya nini, yaya?"

"Juu ulipata byote."

Martine alirudisha karatasi na kaye mfukoni, moja moja, akafunga fundo. Hakumtukana. Alitoka bila kuaga, na mfuko akaondoka nao.

Émerance alikwenda kumweleza profesa, ambaye mshahara wake ulikuwa umekatika na sasa aliuza petroli kwa chupa mbele ya nyumba. Alisikiliza hadi mwisho. "Sasa hii inasaidia nani?" aliuliza, akamgeukia mteja.

Baadaye mtu aliyetoka Kitwe, Zambia, alimwambia kwamba Martine anafundisha kemia huko, ana wanafunzi wengi, wanampenda. Émerance aliuliza nyumba yake ikoje, na kama ana shamba. Akajibiwa ndiyo, dogo, nyuma ya jiko. Roho ikamuuma upya kwa wivu, palepale pa zamani, na safari hii alijua hana wa kumlaumu ila yeye mwenyewe.