Siku Mama Pindo Alipoingia Jengo la Chama

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hapakuwa na fundi cherehani mwingine mwenye wazimu wa pindo kama wake. Mteja angeweza kuvumilia mkono wa shati uliopishana kidogo na mwenzake, yeye hakuvumilia. Sketi ikitoka mikononi mwake, ungeigeuza nje ndani usijue upande upi ndio wenyewe. Ndiyo maana siku mama mmoja aliporudisha sketi nyeusi ya shule iliyoshonwa kwa uzi wa kijani kibichi kutoka kiunoni hadi chini, Mama Pindo aliichukua, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaigeuzageuza, na bado akauliza, "Kwani ina nini?"

Yule mama alimtazama usoni. "Fundi," alisema taratibu, "nenda kaangaliwe macho."

Si kwamba hakujua. Ukungu ulikuwa umeanza mwaka mmoja nyuma, ukaja polepole kama mgeni asiyebisha hodi. Binti yake, aliyeuza dawa kwenye duka la kona, alikuwa anamtungia uzi kwenye sindano kumi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, anazichomeka kwenye kimto, nyeusi upande huu, nyeupe upande ule. Wote wawili walijifanya kwamba hilo ni jambo la kawaida. Lakini baada ya sketi ile, binti alimshika mama yake mkono hadi zahanati, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, dawa yake ni upasuaji, na foleni ya upasuaji ni ya mwakani.

Wiki mbili hazijapita, binti akarudi jioni na karatasi mkononi.

"Mama, kuna madaktari wa macho wanakuja siku mbili. Bure. Wanapima, na wanaofaa wanapelekwa hospitali siku hiyohiyo."

"Wanapimia wapi?"

Binti aliikunja karatasi mara mbili, na katika kule kukunja Mama Pindo akalipata jibu.

"Kule siendi," alisema. "Bora nibaki kipofu."

Jengo la Chama lilikuwa mwisho wa barabara ya lami, jeupe, lenye ukuta mrefu kuliko wa gereza na geti jeusi lisilo na kibao. Kila Jumanne alasiri wanaume waliovaa suti nyeusi waliingia mle, wakajifungia, wakatoka baada ya saa mbili kila mtu na njia yake. Wenyewe walisema ni chama cha kindugu, cha kusaidiana na kusaidia jamii. Mtaa ulisema mengine. Kulisemwa kuna jeneza mle ndani, na anayejiunga hulala humo kwanza. Kulisemwa kuna joka. Jirani yake, waliyemwita Redio kwa sababu hakuwahi kuzimwa, alikula yamini kwamba kila mwanachama lazima atoe kafara mtu mmoja wa damu yake au wa karibu, ndipo mambo yamnyookee. Watu wazima na akili zao walivuka barabara ili wasipite chini ya ukuta ule.

Na kaka yake Mama Pindo, kaka wa tumbo moja, seremala mpole ambaye hata kuku alishindwa kumchinja, alikuwa mmoja wao.

Alijiunga miaka kumi na moja nyuma. Wiki ya tatu baada ya kuonekana na suti nyeusi, mume wa Mama Pindo akafa. Aliugua siku tisa tu. Msibani, wanawake wakaanza kunong'ona, Redio akiwa mbele kama mshika bendera, na kufikia siku ya pili mnong'ono ukawa umefika kwa mfiwa mwenyewe. Kaka alipoingia kumpa pole, Mama Pindo alisimama mbele ya watu akamwambia, "Umeshakula, umeshiba. Sasa unakuja kunawa mikono kwangu?"

Kaka alisimama pale, kofia mkononi. "Sawa, dada," alisema. Akageuka, akaondoka. Hawakusemezana tena. Wakikutana sokoni, dada aligeuza uso asimtazame, akapita upande wa pili.

"Mama," binti alisema sasa, akikaa sakafuni karibu na cherehani, "mwakani utakuwa hujui hata mimi nimevaa nini."

"Watanitoa hayo macho kabisa."

"Nitakuwa nje ya geti. Ukipiga kelele nitaingia na polisi."

Mama Pindo alicheka bila kupenda. Hakuwa mtu wa kuomba kushikwa mkono maisha yake yote, na hofu ya kuja kushikwa ndiyo iliyomshinda hatimaye. Asubuhi ya Jumamosi alivaa gauni lake la kijivu, akapiga moyo konde, akaenda.

Getini palikuwa na foleni ya watu zaidi ya mia. Kumbe hofu ya joka haijazidi hofu ya upofu. Muuguzi aliwapanga kwenye mabenchi uani, akawatia matone machoni, ya kufungua mboni, akawaonya kwamba kwa saa chache wataona vibaya zaidi. Ndugu walibaki nje. Kuanzia hapo kila mgonjwa alipewa mtu wa kumshika mkono hadi kwa daktari ndani ya ukumbi.

Zamu yake ilipofika, mtu alikuja mbele yake, mrefu, shati jeupe, uso wote ukungu mtupu. Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, na Mama Pindo akaushika.

Kidole cha shahada kilikuwa nusu.

Aliijua nusu ile. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga kwa kitambaa cha kichwani siku kipande kile kilipoondoka na msumeno katika karakana ya baba yao, yeye akiwa na miaka kumi na miwili, kaka kumi na sita. Kaka hakulia siku ile. Yeye ndiye aliyelia.

Angeweza kuuachia mkono ule. Binti alikuwa hatua hamsini tu kutoka pale. Lakini mkono ule mkavu, wenye magamba ya gundi ya mbao, ulikuwa umemshika kwa woga kama unaoshika yai, na ndipo alipoelewa kwamba kaka hasemi kwa sababu anaogopa sauti yake itamfukuza dada yake kwenye foleni, aondoke na upofu wake.

Basi na yeye akanyamaza, akainuka, akaongozwa.

Ndani palikuwa na harufu ya sakafu iliyopigwa nta. Pembeni ya ukuta aliona kitu cheusi, kirefu, na miguu yake ikagoma.

"Lile ni jeneza?" aliuliza.

Mwongozaji wake alikohoa kama aliyepaliwa. Sauti nyingine, ya mzee aliyekuwa akigawa maji, ikajibu, "Kabati la vikombe, mama. Ufunguo umepotea tangu mwaka juzi, tunakunywa chai kwa bilauri."

Walikaa kwenye viti viwili kusubiri daktari. Mbele yao walikuwapo watu watatu. Mama Pindo hakuuachia mkono.

"Wewe husemi," alisema baadaye. "Au ni bubu? Haya, bubu ndiye ninayemtaka. Sitaki mtu wa kunijibu."

Mkono ulitulia.

"Nina kaka yangu kwenye chama chenu. Nilimwambia neno baya mbele za watu siku nilipofiwa. Nilimwambia amemla mume wangu." Alijisogeza karibu naye. "Sasa nitakuambia ambalo sijamwambia hata binti yangu. Miezi mitano kabla hajafa, daktari alituita tukiwa wawili. Akasema moyo wa mume wangu umepanuka, na kwamba wakati wowote unaweza kusimama. Mume wangu akaniapisha nisimwambie mtu. Hakutaka kuonewa huruma. Nikanyamaza. Alipokufa, watu wakaanza kusema ni kaka. Nilikuwa najua si kaka. Unanisikia? Nilikuwa najua. Lakini kama ni moyo, basi hakuna wa kumgombeza. Na mimi nilikuwa nahitaji sana mtu wa kumgombeza."

Mtu mmoja aliitwa mbele yao, wakasogea kiti kimoja.

"Siku zikapita, nikaona aibu. Aibu nayo inakua, ukiiacha. Mwaka wa kwanza ningeweza kwenda. Mwaka wa tano nikawa sijui nianzie wapi. Ukimwona kaka yangu humu ndani, mwambie dada yake alikuwa na ulimi mbaya, moyo haukuwa mbaya hivyo."

Tone moja liliangukia kifundo cha mkono wa Mama Pindo, la vuguvugu, na halikuwa la dawa.

Alipasuliwa jicho la kulia alasiri ile, hospitali. Muuguzi wa wodi alisema la pili lisubiri wiki sita. Asubuhi waliwapanga kwenye benchi la ukumbi wa wodi na kuwafungua bandeji mmoja mmoja. Kitu cha kwanza alichokiona Mama Pindo ni mshono wa koti la daktari, na alitaka kumwambia kwamba begani umeachia. Cha pili alikuwa mzee aliyesimama mwisho wa ukumbi na birika la chai ambayo Chama kiliwaletea wagonjwa, mvi kichwa kizima, mabega yameshuka. Ilimchukua muda kujua kwamba mzee yule ni kaka yake. Alikuwa amemwacha na nywele nyeusi.

Kaka alitaka kugeuka aondoke.

"Bubu," Mama Pindo alimwita. "Njoo unipe chai."

Kaka aliweka birika sakafuni. "Ulijua?"

"Tangu uani. Ulitegemea kidole kitaota?"

Kaka alikaa karibu naye kwenye benchi, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, akalia bila sauti. Binti, aliyekuwa akija na kanga ya kumfunika mama yake, alisimama palepale alipofika, kisha akajikumbusha kwamba amesahau kitu nje.

"Mbona hukunijibu siku ile?" Mama Pindo aliuliza baadaye, chai ikiwa imepoa. "Ungesema sivyo."

"Ningesema nini? Wewe umefiwa, mimi nije na hoja? Hoja ya nini?" Alifuta macho. "Na sisi wenyewe tuna makosa. Tumejenga ukuta ule, tukakataa kuweka hata kibao, halafu tunashangaa watu wanauliza kilichoko nyuma yake. Nimelisema vikaoni mara ngapi."

"Kwani mnafanya nini humo?"

"Tunasoma muhtasari wa kikao kilichopita. Halafu tunabishana kuhusu muhtasari."

"Na siri?"

"Iko namna ya kupeana mikono, na maneno kidogo. Niliahidi kutoyasema, sitayasema hata kwako. Lakini ukiyasikia utacheka hadi jicho lishtuke."

Mtaa haukukubali haraka. Redio alikuja siku ya tatu, akakaa, akamkagua jicho kama anayekagua noti bandia, akauliza amepewa jicho kwa masharti gani. Mama Pindo akamsimulia habari za kabati la vikombe. Redio alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, na kufikia jioni habari ikawa kwamba Mama Pindo naye ameshaingizwa. Wateja wawili wakachukua vitambaa vyao vikiwa bado havijakatwa. Kaka aliposikia, alikuja mbio.

"Nisiwe nakuja hapa, dada. Nitakuharibia kazi."

"Wakivaa pindo za mafundi wengine mwezi mmoja watarudi," alisema. "Wasiporudi, nitashona kidogo."

Jumapili iliyofuata ndiyo iliyomwogopesha kuliko hata upasuaji. Alikwenda kwa kaka, nyumba ambayo hakuwa ameikanyaga miaka yote ile. Mlango ulifunguliwa na wifi yake. Huyu hakuwa mpole kama mumewe. Alikuwa amekaa na mwanaume aliyenyamaza miaka kumi na moja, anayeamka Jumapili na kutazama njia aliyozoea kuijia dada yake. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye komeo, akamtazama Mama Pindo kutoka kichwani hadi viatuni.

"Umechelewa, wifi," alisema.

Mama Pindo alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yote yalipotea. "Nimechelewa," alisema.

Kutoka ndani ilisikika sauti ya kaka akiuliza ni nani, na kiti kikiburutwa.

"Ni dada yako," wifi alijibu bila kugeuka. Kisha akaondoa mkono kwenye komeo, akasogea pembeni. "Angalia hapo chini. Kuna ngazi moja, usijikwae na jicho hilo."