Ushindi wa Clifford

Jumanne ile gari la kituo cha wazee halikuja. Clifford alikuwa amekwisha kuvaa koti, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, na kila gari lilipopita alinyanyuka.

"Barry amechelewa leo," alisema, akimtaja dereva.

"Haji, mume wangu."

"Basi amelala. Mvivu yule, tangu nimjue."

Edna alimvua koti. Alipogeuka kuweka birika jikoni, mzee akalivaa tena.

Halmashauri ya mji wa Cragley, huko Uingereza, ilikuwa imekifunga kituo kwa kukosa fedha. Kwa Edna, kituo kile ndicho kilichomwezesha kukaa na mumewe nyumbani. Siku mbili kwa wiki Clifford alicheza dhumna huko na kula chakula cha moto, naye Edna akapata usingizi. Siku nyingine hakukuwa na kulala. Mzee alizunguka nyumba akitaka kwenda kazini, kwenye kiwanda cha nguo kilichokwisha kubomolewa.

Mchana Edna alimwona diwani wao, Desmond Oldroyd, akiburuta pipa lake la taka.

"Bwana Diwani, mmetumaliza."

"Serikali kuu huko London wanatupunguzia ruzuku kila mwaka, Edna. Nitoe wapi, mfukoni mwangu?"

"Si mngeongeza kodi? Ningelipa mimi."

"Kuizidisha kupita kiwango cha serikali ni mpaka wananchi wapige kura. Na tulipiga." Desmond akashusha sauti. "Mwulize bwana'ko, jirani."

Hakuhitaji kuuliza. Wakati huo Clifford alikuwa na akili zake timamu. Alipita nyumba kwa nyumba kwenye mvua akiwaambia watu wakatae. Alikuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi kiwandani, na maisha yake yote alijua jambo moja: mkatalie tajiri mara ya kwanza, atarudi na nyongeza. "Tukigoma kulipa zaidi, London watatoa," alisema. "Watawatupa wazee?" Mji mzima ulimwamini, maana hakuwahi kuwadanganya. Edna naye alipiga kura ya hapana, akampikia mkate wa nyama kusherehekea.

London hawakurudi na kitu.

Edna aliingia ndani, akaketi mbele ya mumewe. Alikuwa na maneno tele kifuani.

"Cliff, unaikumbuka ile kura ya kodi?"

Mzee alifikiri sana. "Tulishinda?"

"Mlishinda."

"Nilikwambia mimi!" Akacheka, akampigapiga mkono kama enzi zile. Edna akayameza yale maneno.

Alivumilia peke yake hadi majira ya baridi. Asubuhi moja akasinzia mezani, na Clifford akaokotwa kando ya mfereji, amevaa ndara, anatetemeka. Daktari akasema basi, imetosha.

Sasa Clifford anaishi kwenye makao ya wazee katika mji mwingine. Basi la moja kwa moja nalo limefutwa kwa kukosa ruzuku, kwa hiyo Edna hupanda mawili kwenda kumwona, na hurudi kabla giza halijaingia.