Simu kwa Dada wa Ng'ambo

Mimi siri hainitoki hata unitekenye. Ndiyo maana wizarani walinichagua mimi kuandaa chai ya kikao na wajumbe wa nchi jirani, wiki hii nchi yetu inapojitoa kwenye muungano. Leo balozi wao hakugusa kikombe. Alimwambia waziri wetu kwa sauti ya chini, “Jioni tunafunga mpaka.” Waziri akatazama meza.

Dada yangu ameolewa kwao, ng'ambo ya mto wa mpakani. Nikajifungia chooni, nikampigia.

“Dada, beba watoto mvuke daraja sasa hivi! Mpaka unafungwa jioni.”

“Acha utani wako, wewe.”

“Leo sitanii, haki ya mama!”

Nikafungua mlango. Balozi yule alikuwa ananawa mikono taratibu.

“Kijana,” akasema bila kugeuka, “mwambie asipite darajani.”